Mapigo Ishirini na Manne ya Kunyamaza

Muziki sikuusomea popote. Nilijifunza kwenye simu, waya sikioni, nikipanga vifurushi katika ghala moja huko Midrand, Johannesburg. Siku moja simu ilinichezea, bila kuombwa, wimbo wa watu watatu walioimba Kilatini. Hapakuwa na kinanda wala ngoma, wala mtu wa kupiga makofi. Kila sauti ilishika njia yake, ikazunguka huko, kisha zote tatu zikakutana mahali pamoja kama zilizopeana miadi. Nilisimama na kifurushi cha mtu mkononi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimekipenda.

Ndani ya mwaka mmoja nikawa mtaalamu. Nilikuwa mtaalamu wa aina mbaya kuliko zote, yule ambaye hajawahi kufundishwa na mtu, kwa hiyo hajawahi kuambiwa kwamba amekosea. Nilijua waimbaji wa Ulaya wa miaka mia tano iliyopita walivyoshika vitabu vyao. Nilichokuwa sijui ni namna ya kumwomba mtu radhi.

Parokia yetu ya Jeppestown ina misa ya Kiswahili kila Jumapili alasiri, yenye kinanda, ngoma na kwaya ya watu wengi. Humo ndimo nilimowapata watu wangu. Soprano alikuwa dada msusi, aliyetukubalia tufanyie mazoezi saluni kwake. Besi alikuwa mlinzi wa geti la ghala letu, mzee wa Bukavu aliyeimba kwaya tangu utoto. Mimi humwita papa, yaani baba, kama tunavyosema kwetu. Teno alikuwa fundi cherehani. Huyo alidumu wiki tatu. Nilimsahihisha mara kumi na moja katika mstari mmoja, akafunga kitabu, akaniambia, "Dada, mimi nashona magauni ya harusi, na hata mabibi harusi hawanisumbui hivi." Hakurudi tena. Nikaimba teno mimi mwenyewe, msichana, kwa sauti ya mtu aliyeamka na mafua.

Neno langu kubwa mazoezini lilikuwa "Tena." Dada akimaliza mstari, tena. Papa akivuta pumzi mahali nisipopapenda, tena. Mteja mmoja aliyekuwa akisukwa rasta alisikiliza nusu saa, halafu akauliza, "Kwani nani amekufa?"

"Bado," dada akamjibu. "Huyu mtoto anatutafutia kifo."

Nilicheka, lakini moyoni niliogopa. Ukweli ni kwamba, ukimtoa mama niliyeishi naye, Johannesburg nzima sikuwa na rafiki mwingine. Hao wawili ndio walionipigia simu nilipougua, na mimi niliwalipa kwa kuwahesabia makosa.

Nilikuwa pia na sheria mbili. Ya kwanza, kila mtu ashike kitabu chenye sauti yake peke yake, kisicho na mistari ya kugawa mapigo, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vitabu vya zamani. Niliviandika kwa mkono, kwa wino wa kahawia.

"Sasa nikipotea," dada akauliza, "nitawatafuta wapi wenzangu?"

"Usipotee," nikamjibu.

Sheria ya pili ilikuwa marufuku ya solfa. Papa anasoma muziki kwa herufi za do, re, mi, kama kwaya nyingi za kwetu na za hapa Afrika Kusini. Nilimwambia kwamba herufi hizo hazifai kwa muziki wa heshima kama huu. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, ma fille, binti yangu," na akaweka penseli mfukoni.

Mwalimu wa kwaya alinipa Jumapili mara tatu, na mara tatu niliahirisha kwa sababu hatukuwa tayari. Mara ya nne alikuja saluni mwenyewe. "Jumapili hii, baada ya komunyo," alisema. "Ikienda vizuri, mtaendelea na kikundi chenu. Ikiharibika, hawa wawili nawarudisha kwenye kwaya kubwa, na wewe utapiga kayamba. Eish, miezi minne kwa wimbo wa dakika nne!"

Ndivyo tulivyojikuta mbele ya altare. Wimbo wetu ulikuwa wa Bikira Maria, na ulianza vizuri. Ulianza vizuri kiasi kwamba nilipata hofu. Tulifika katikati, mahali ambapo soprano na besi huimba wawili na teno hunyamaza kwa mapigo ishirini na manne. Nikaanza kuhesabu kwa vidole nyuma ya kitabu. Jasho likanitoka usoni, likateremka shingoni. Kumi. Kumi na moja.

Kwetu mwimbaji akigusa watu, mtu huinuka na kwenda kumpangusa jasho. Ni sifa kubwa. Tangu nikiwa mdogo nimemwona mama yangu akiwapangusa waimbaji wengi, na siku zote nilitamani siku moja aje kwangu. Hakuwahi kuja. Nyimbo zangu aliziita nyimbo za friji, eti ni baridi.

Kumi na nne. Nikaona mtu anainuka benchi la tatu. Ni mama. Anakuja polepole, kitenge mkononi, uso umejaa heshima. Kumi na sita. Akanipangusa paji la uso. Akanipangusa mashavu yote mawili. Akashika kidevu changu, akakigeuza, akanipangusa shingo, kisha akarudi kukaa huku kina mama wakipiga vigelegele.

Nikatazama vidole vyangu. Havikuniambia nimefika ngapi.

Nikatazama kitabu. Kilikuwa na sauti yangu tu, kwa wino mzuri wa kahawia, bila mstari hata mmoja wa kunionyesha wenzangu wako wapi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Dada alinitupia jicho. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaangalia kayamba.

Ndipo papa akaacha sauti yake. Alinisogelea sikioni akaimba mwanzo wa sauti yangu, kwa herufi, mbele ya parokia nzima: so, la, so, do. Soprano akabaki peke yake huko juu, anaendelea kama msusi ambaye mteja wake anapiga simu. Niliidaka sauti yangu kwenye do. Papa akaruka, akarudi kwenye besi yake, na tukafika mwisho pamoja.

Nje ya kanisa papa alinionyesha kitabu chake. Juu ya kila mstari, kwa penseli ndogo, alikuwa ameandika solfa ya sauti zote tatu. "Getini kuna muda mwingi," alisema.

Mwalimu wa kwaya alitoa hukumu palepale. "Mtaendelea. Lakini mzee ndiye atashika kikundi, wewe utashika teno." Niliumia kwa hatua kama tano hivi. Hatua ya sita dada alinishika mkono, akasema Jumanne saa kumi saluni, na nisichelewe.

Njiani nilimwuliza mama kwa nini alichagua dakika ile.

"Nilikupangusa juu uliimba vizuri."

"Mama, nilikuwa nimenyamaza."

"Basi ulinyamaza vizuri."

Jioni hiyo nilisoma kwenye simu jambo ambalo ningelisoma mwanzo kama ningekuwa na mwalimu. Watoto wa kwaya za kale za Ulaya walifundishwa kwa silabi zilezile, re, mi, fa, na walizipanga kwenye viungo vya vidole ili wazikumbuke. Kitu kimoja cha zamani tulichokuwa nacho, ndicho nilichokipiga marufuku.

Jumatatu nilikwenda getini nikamwambia papa. Nilimwomba radhi pia, vibaya, kwa haraka, nikitazama viatu vyake.

"Kumbe," alisema. "Lete huo mkono."

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya mkono wa kale, silabi zimeandikwa kwenye viungo vyake. Aliitazama mara moja, akaanza kugusa viungo vya vidole vyangu kimoja kimoja, nami nikitaja silabi. Nilikosea kwenye kidole cha pili. Lori lilipiga honi. Akalifungulia geti, akalifunga, akarudi akanishika kidole.

"Tena," akasema.