Kitambaa Chekundu juu ya Jeneza

Baba yangu mdogo alifariki Koboko alfajiri, na alipaswa kuzikwa baada ya sala ya adhuhuri. Nilipofika kutoka Arua, maiti ilikwisha kukafiniwa, lakini jeneza lilikuwa bado ukumbini, na wanaume waliokaa uani walikuwa makundi mawili yasiyotazamana.

Chanzo kilikuwa kitambaa. Sisi ni Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani, na ukoo wetu hutunza bendera nyekundu yenye hilali na nyota. Kila mzee wetu hupelekwa kaburini akiwa amefunikwa nayo. Baba mkubwa, mlinzi wake, alikuwa ameshaitandaza juu ya jeneza. Upande wa pili walikaa kaka zake mjane, wakulima wa Midia, Wakristo, waliokuja kumbeba shemeji yao. Kwao, bendera hiyo ilikuwa ya watekaji wa watu, na walisema hawatashika jeneza mpaka iondolewe.

Mjane, ambaye hakujaliwa mtoto, aliniita mlangoni.

"Mwanangu, kama ndugu zangu nakwenda leo bila kumubeba bwana yangu, kesho mimi iko wa nani hapa?"

Kabla sijamjibu, baba mkubwa naye akaniita kwa sauti iliyokusudiwa kusikika ua mzima: "Wewe ndiyo nasoma historia. Ambia hawa watu bendera iko ya nani!"

Nikaingia ukumbini, nikainama na kuikagua. Wenzetu wengine husema ni bendera ya kikosi, kutoka enzi za utawala wa Misri huko Sudani. Wengine husema ni ya tarika ya kisufi, ikibebwa katika dhikiri. Hilali ilishonwa kwa mkono, kwa uzi uliofifia. Nyota ilishonwa kwa cherehani, bila shaka baadaye. Pindo moja lilikuwa limekatwa, na kama liliwahi kuwa na maandishi, yalikwenda nalo. Tena, nguo nyekundu ilipeperushwa na mabwana wengi katika nchi hii: askari, masheikh, na wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Nikatoka uani na kusema kwamba siwezi kuthibitisha lolote.

"Ala!" akasema baba mkubwa. "Wewe nasoma mpaka macho nachoka, na kitambaa moja tu nakushinda?"

Watu wakacheka, hata wa Midia. Kicheko kilipotulia, kaka mkubwa wa mjane akasimama, kofia mkononi.

"Muzee, mimi sikusoma. Lakini kwetu iko habari. Dada ya babu yetu alikwenda kuchota maji, wakamukamata. Mama yake alijificha ndani ya mtama. Yeye hakuona watu. Aliona nguo nyekundu tu, napita juu ya mtama, nakwenda."

Pingamizi nilikuwa nalo tayari: wekundu peke yake si ushahidi, na mama yule hakutaja hilali wala nyota. Baba mkubwa angeweza kulitumia. Analijua vizuri kuliko mimi, maana ndilo alilonijibu nalo kila nilipomuuliza habari za utekaji. Safari hii aliuliza jambo jingine.

"Musichana yule alirudi?"

"Hapana, muzee. Mama yake alingoja mpaka akakufa."

Baba mkubwa aliinuka. Kisha akaingia ukumbini, akaikunja bendera kwa mikono yake mwenyewe, akaibana kwapani. "Shemeji," akasema, "kamata mbele."

Kaka zake mjane walishika mbele na sisi nyuma. Baba mkubwa alitufuata na bendera yake kwapani mpaka makaburini, akarudi nayo vilevile. Jioni, shemeji zetu walikula pamoja nasi, na mjane mwenyewe aliwapakulia.

Swali la asili ya kitambaa kile sijalifunga, na sidhani nitalifunga. Ila mgeni akija siku hizi kuomba kukiona, baba mkubwa humkalisha kwanza na kumweleza habari za msichana wa Midia. Kikosi na tarika huvitaja baadaye, na kwa ufupi.