Msumari Ambao Haukuniuma

Mimi ni fundi wa makochi, mtaa wa Keko. Kabla sijaugua nilikuwa na kitambi kilichonitangulia mlangoni, na wajinga wa barabara yetu walikiheshimu. Mteja akija aliwapita mafundi wembamba, akanifuata mimi: bosi. Nami nilikilea kwa soda na chapati za mafuta.

Kiu ilianza. Nikawa nakojoa kila mara, na sisimizi wakijaa chooni nilipotoka. Baadaye miguu ikafa ganzi. Kaka yangu Hamadi, bingwa wa magonjwa ya watu, akasema ni damu nzito. Aliniletea dawa ya mizizi iliyokorogwa kwa asali, nikainywa yote.

Jioni moja nilifika nyumbani, mke wangu Mwanahamisi akaona damu sakafuni. Aliniketisha, akakuta msumari wa kochi umetoboa ndala na kuzama unyayoni. Nilikuwa nimetembea nao kutoka karakana, sikusikia kitu.

Kidonda kikaoza, kikatoa usaha wenye harufu ya kunitia kinyaa mwenyewe. Hospitalini wakapima, wakasema ni sukari. Daktari, mama mmoja asiyecheka, alinionya kuwa kisipopona mguu utakatwa, tena kitambi lazima kiishe. Nikamuuliza kwa nini basi ananisema kitambi.

“Mafuta hayo unadhani yamelala tu?” akasema. “Yanatengeneza homoni. Sukari ikizidi kwenye damu inagandana na protini, na protini hizo zinavuruga seli za mafuta. Homoni inayosaidia insulini kufanya kazi inapungua, sukari inazidi kupanda. Unazunguka humo humo.”

Hilo nililielewa. Ubao uliomwagikiwa gundi haunywi tena rangi. Kumbe nilichokuwa najivunia ni kiwanda kibovu.

Nikachomwa sindano, nikameza dawa. Walikwangua nyama iliyooza huku natazama, bila maumivu. Soda nikaacha, ubwabwa nikapunguza. Kidonda kilipofunga nikaanza kutembea, na kitambi kikaisha.

Hapo ndipo nilipowajua watu. Walioniita bosi wakanong'ona kwamba nina ngoma, yaani UKIMWI. Wakaja kunipa pole, wamebeba soda. Hamadi alileta sinia la pilau na chai tamu kama sharubati, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya msibani karakana ataachiwa nani.

“Shemeji, mgonjwa yuko kazini,” Mwanahamisi akamwambia. “Wewe hicho kitambi umeshakipima?”

Hamadi hakuimaliza chai yake.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na mke wangu. Wengine sioni cha kuwashukuru. Nawe unayejipapasa tumbo ukidhani ni neema, kapime sukari, na ukague nyayo zako kila siku. Ukipungua, watakuzika ungali hai. Wapuuze.

Ganzi haijaisha yote. Lakini juzi msumari ulipenya soli ya kiatu changu, ukaniuma, nikapiga ukelele. Karakana nzima iligeuka, wakanikuta nimekaa chini, nimeshika mguu, nalia kwa furaha. Wakanong'ona kwamba sasa ugonjwa umenipanda kichwani.