Zaburi Niliyomsomea Jirani

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, wakati wa Mwingereza, mbuzi wa jirani waliingia shambani kwangu huko Puge wakamaliza karanga zote za upande wa bondeni. Jirani mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mjane, asiyejua kusoma. Nilipomwendea alisema tu, "Mbuzi ni mbuzi, mdogo wangu," akaendelea kupepeta mtama wake.

Iliniuma sana. Nikarudi nyumbani, maana mke wa mwinjilisti hagombani hadharani. Lakini nilikuwa na kitabu cha Zaburi nilichopewa nilipobatizwa, na nilijua ni wapi mtu aliyeonewa anamwomba Mungu awavunje adui zake meno. Kila asubuhi nikawa nakaa barazani, uso nimeuelekeza uani kwake, naisoma Zaburi hiyo kwa sauti kubwa. Nikifika kwenye meno, nalivuta neno.

Juma la tatu nikamwona anakuja, kikapu kichwani. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliketi, akaongea Kinyamwezi, kwa kuwa Kiswahili cha kitabuni kilikuwa kinampita. "Mdogo wangu, tangu mume wangu afariki naamka na mawazo mengi. Siku hizi nikiwa kwenye jiwe la kusagia nakusikia unasali, moyo unatulia. Nifundishe na mimi hayo maneno."

Kikapuni mlikuwa na karanga. Alisema si nyingi, ila ni za shambani kwake.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Niliupita ukurasa ule haraka, nikatafuta Zaburi ya mchungaji anayewapeleka kondoo wake penye maji, nikamfasiria mstari kwa mstari. Alirudia, akakosea, akacheka, akarudia tena mpaka jua likawa kali. Alirudi kwake akiiimba kwa sauti aliyoitunga mwenyewe.

Siku nne nilibaki na aibu yangu. Ya tano nikamwendea, nikamweleza nilichokuwa nikisoma na kwa nini. Alinikazia macho, kisha akashika mbavu kwa kicheko.

"Kumbe na hayo yamo? Mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo?"

"Yamo, dada. Nisamehe."

"Basi tuanze mwanzo. Usiruke hata moja."

Tulisoma misimu miwili ya kilimo, naye akajifunza herufi humo humo. Hapo ndipo nilipokielewa kitabu changu: anayelalamika leo, ukurasa wa pili anashangilia, na Mungu amemsikiliza nyakati zote mbili. Nikajifunza kumpelekea Yeye hasira zangu kabla sijampelekea mtu, na kila mara niliinuka nikiwa mwepesi, najua la kufanya. Hili nimeliishi, sikusimuliwa.

Baada ya mavuno ya pili jirani yangu alitembea hadi Tabora mjini, kwa njia ya zamani ya wapagazi, akarudi na Zaburi yake mwenyewe ameifunga kwenye kanga. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasoma, kidole chini ya kila neno. Hakuna aliyemharakisha.