Kamuti yenye haina buchungu

Leo asubui jirani alikuja kunilaumu juu ya kintu yangu yenye aliniibia.

Munisikilize kwanza.

Ku dirisha, upande wa inje, niko na kamuti kadogo mu mukebe ya tomati. Kanaenea mu kiganja. Mayani yake ni mifupi, minene, imejaa maji na madoa meupe, na inajipanga muviringo sawa vile maua ya roza. Binti yangu aliniachia kako wakati alienda kuolewa kule Mitwaba. Tangu pale, kila asubui nasalimia tu kale kamuti.

Leo naangalia: mayani tatu haiko!

Nikakasirika, lakini mbele nitoke, muntu akagonga ku mulango. Ni jirani, Mama Nadège, mwenye nyumba yake inaangaliana na dirisha yangu, mutoto ku mugongo.

— Mama Clarisse, dawa yako ni ya bongo, inadanganya! Jana nilipakala ku mabele, mutoto aache kunyonya. Ananyonya tu, tena anacheka!

Kumbe alizania ni aloevera. Inafanana, ni kweli. Lakini hii yangu haina buchungu ata kidogo.

Bandugu, mungefanya nini?

Miye nilikuwa na maneno mingi mu kinywa. Yenye ilitoka ni: "Ingia, ikala."

Akaikala. Mutoto akanyonya mpaka akalala. Tukasema mpaka chai ikapoa. Sikumbuki siku ya mwisho yenye muntu aliikala ku kiti ya pili.

Wakati alienda, nikageuza mukebe.

Upande yenye ingali na mayani mingi, sasa inaangalia ku nyumba yake.