Farasi wa Chausiku Kwenye Kilima cha Kongowe

Kabla hamjanikatisha, naapa: leo naongeza chumvi sehemu mbili tu, na zote mbili nitazitaja. Mengine yote mjukuu wangu Chausiku aliyafanya, na mie nilikuwa nimekaa kiti cha mbele.

Chausiku ni mtoto wa Mtoni. Anakodisha viti na maturubai kwa shughuli za watu: harusi, misiba, maulidi, kipaimara. Alianza na viti ishirini vya plastiki akivibeba kichwani, na siku moja upepo ukambeba yeye na viti vyake kutoka Mtoni mpaka Manzese, akatua bila hata mtandio kumvuka. Hiyo ndiyo chumvi ya kwanza. Baadaye akanunua kibasi kidogo, kipanya cheupe, akajifunza kukiendesha mwenyewe, maana madereva walikuwa wanamwambia, "Sista, viti havina haraka," huku watu wamesimama juani msibani.

Mwezi wa Shaaban, wakati kila mtu anaoza binti kabla ya mfungo, injini ikanoki. Ikagonga, ikatoa moshi, ikanyamaza. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja Chausiku alikuwa amepokea harusi ya Kongowe: viti mia na ishirini, turubai na mabomba yake ya kulisimamishia. Ukishavuka daraja la Mzinga kuna kilima pale. Gari likigoma kilimani, wageni wanakaa chini, na jina la Chausiku ndiyo basi tena Temeke nzima. Watu wa shughuli husamehe wali mbichi. Kukosa kiti hawasamehi.

Akaenda na mie kwa fundi Kasimiri, Manzese. Kasimiri mzaliwa wa Masasi, mikono mizuri, mdomo mzuri zaidi. Akatufungia injini nyingine, kuukuu ila kaisuka upya kwa vyuma vipya, alivyosema, juu yake kabandika kadi imeandikwa kwa kalamu nene: HP 150.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo namba ya nini?"

"Hosipawa, bibi. Nguvu za farasi. Humu ndani mna farasi mia na hamsini."

"Wanakula nini?"

"Dizeli tu."

"Wana adabu. Mie nilikuwaga na farasi mmoja, alikula kanga zangu nne kwenye kamba, maneno ya kanga yakamwingia, akawa anawapiga vijembe majirani." Chumvi ya pili hiyo. Sasa nimemaliza.

Kasimiri akacheka, akawasha, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma mpaka vikombe vya mama ntilie wa jirani vikacheza mezani.

"Unawasikia hao?" akamuuliza Chausiku.

"Mlio nausikia. Farasi bado sijawaona."

Basi Kasimiri akatupakia, gari tupu, barabara ya Morogoro, tambarare kabisa. Tuliporudi alikuwa anatweta kana kwamba amekimbia kwa miguu. "Umeona? Basi la mwendokasi tumelipita!"

"Lilikuwa limesimama kituoni, fundi," Chausiku akasema.

"Sasa dada, amua. Kuna mteja anaisubiri injini hii."

"Asubiri na mie. Kesho tunakwenda Kongowe na viti vyote mia na ishirini."

Mjue hivi: Chausiku huipima injini yake kwa tasbihi yangu. Kilima kile kinanitisha, kwa hiyo tangu darajani huwa navuta punje, na yeye husikiliza. Injini ikiwa nzima tunafika juu kabla sijamaliza hamsini. Nikivuka hamsini anaipeleka gereji. Kasimiri aliposikia hivyo akashika kiuno.

"Yaani injini yangu ihukumiwe na tasbihi ya huyu bibi? Dada, mtaa mzima unajua bibi yako ni muongo!"

Nilitaka kukasirika nikakosa sababu.

Chausiku akapiga simu kwa Awadh, mwenye duka la mchele pale Mtoni. Awadh ana kipanya pacha cha kile cha Chausiku, injini yake haijawahi kufunguliwa, na karatasi zake zinasema farasi mia moja. "Mzigo ule ule," Chausiku akamwambia fundi, "kilima kile kile. Farasi wako wamezidi wa Awadh kwa hamsini, basi wafike kwanza. Na tasbihi utashika wewe mwenyewe, punje moja kila ukivuta pumzi."

"Mie Mkristo, dada."

"Punje haziulizi," nikamwambia, nikamvalisha mkononi.

Kesho yake saa nne asubuhi tukaanza na gari la Awadh. Tukapakia viti, tukafunga mabomba kwenye keria ya paani. Chausiku kwenye usukani, Kasimiri mbele kati yetu, mdomo umefungwa, kidole kinatembea. Tukafika juu.

"Ngapi?" akauliza Chausiku.

"Arobaini na tano."

Tukashuka darajani lilipokuwa gari letu, tukahamishia kila kitu humo, kiti kwa kiti. Kasimiri alijaribu kusahau viti thelathini ndani ya gari la Awadh. Chausiku akahesabu upya, akavifuata. Awadh akatangulia juu na gari lake tupu, nasi tukaondoka darajani. Nusu ya kilima injini ikaanza kuguna. Gia ya pili, gia ya kwanza. Mwendesha mkokoteni wa maji akatupita, akatupungia. Moshi mweusi nyuma, sindano ya joto juu kabisa, na Kasimiri anavuta punje huku jasho linamtoka puani. Punje tisini na tisa zikaisha. Kilima hakijaisha.

"Zimekwisha," akasema taratibu.

"Anza tena," Chausiku akamwambia.

Tulipofika juu alikuwa kwenye ya kumi na mbili ya mzunguko wa pili. Awadh alikuwa anatusubiri na kahawa, keshamaliza kikombe. Mie nilikuwa na maneno kama sabini ulimini, nikayameza yote. Uongo wa safari ile haukuwa wangu.

Kasimiri akajaribu: "Labda mafuta machafu..."

"Gari zote mbili nimejaza kituo kimoja, leo asubuhi. Fungua injini, fundi. Leo."

Ilikuwa Jumanne. Chausiku akachukua kiti kimoja cha plastiki katika vile mia na ishirini, akakiweka katikati ya gereji ya Manzese, akakaa. Injini ikafunguliwa mbele yake. Ringi za pistoni zilikuwa za zamani, zimesuguliwa zikang'aa kama mpya. Kasimiri hakuweza kumtazama usoni. Jumatano akakaa. Alhamisi akakaa, akataka kila ringi mpya aishike mkononi kabla haijaingia. Wateja wengine wakaanza kuja kuchungulia, halafu na wao wakauliza ringi mpya za kwao ziko wapi.

Ijumaa tukarudi kilimani, mzigo wote, tasbihi mkononi mwa fundi. Arobaini na saba.

"Mia na hamsini haifiki," Kasimiri akasema mwenyewe. "Hata mia haifiki, dada. Imepungua kidogo."

"Kongowe imefika. Basi andika hivyo."

Akaibandua kadi yake, akaigeuza, akaandika nyuma: VITI 120 NA TURUBAI, KILIMA CHA KONGOWE, PUNJE 47. Akaibandika juu ya injini.

Jumamosi bibi harusi wa Kongowe alikaa kwenye kiti, na wageni wake wakakaa, wote ila mmoja. Kiti kimoja tu kilikosekana, kile Chausiku alichokirudisha gereji Manzese tulipotoka kilimani Ijumaa. Aliyesimama kwa kukosa hicho ni Kasimiri: alialikwa, lakini Chausiku alisema asipewe kingine.