Sauti ya Kifua Kizima

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Mwingereza akiwa bado anatutawala, nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya Bukoba. Mwalimu wetu alikuwa Nesi Yustina, mama kutoka Muleba, mkali lakini mcheshi. Kabla hajaturuhusu kumgusa mgonjwa, alitutaka tusikilizane vifua sisi kwa sisi, kisha vya wapishi na wafuaji nguo, hata vya wageni waliokuja kutazama ndugu zao. Wenzangu walichoka. Mimi nilipenda, wala sioni haya kujisifu. Niliijua pumzi inavyovuma kwa nguvu pale kooni, na inavyokuwa laini chini mgongoni: mtu akivuta unaisikia vizuri, akitoa inafifia upesi.

Basi, asubuhi hiyo Ma Paulina, mkulima wa Nshamba, alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Homa ya binti yake Koku, aliyelazwa wodini kwetu, ilikuwa imeshuka.

"Waitu, nesi wetu, mtoto amepona. Kahawa inaniharibikia shambani."

Nikaomba nimsikilize Koku mara ya mwisho. Upande wa kushoto, safi. Kulia juu, safi. Lakini kulia chini, mgongoni, nikasikia ule mvumo wa kooni, mkali, mahali pasipo pake. Nikarudia kushoto, nikalinganisha. Nikamgeukia mama yake.

"Mama, asiondoke bado."

"Na wewe msichana, ni daktari?" alifoka.

Nilimwita Nesi Yustina. Akasikiliza, akamwita daktari, naye akainama akasikiliza palepale.

"Ni kichomi," daktari alisema. "Angefika Nshamba tungempoteza."

Koku alichomwa sindano za penisilini, na mama yake akalala sakafuni kando ya kitanda hadi mtoto alipopona kweli. Siku ya kuondoka, Ma Paulina alinikumbatia mbele ya wodi nzima. Naye Nesi Yustina akasema, kwa sauti ya kusikika hadi uani:

"Huyu nimemfundisha mimi!"

Nimesifiwa mengi tangu hapo, mwanangu, lakini kwa sifa ile natembea kifua mbele mpaka leo.

Nawe unayeanza kazi hii, usikimbilie magonjwa. Vizoee kwanza vifua vya watu wenye afya, hata vikuchoshe, ndipo kibovu kitakapokushtua. Na kikikushtua, sema, hata kama unafokewa.

Mungu akupe masikio matulivu na mikono ya huruma, na kila mama utakayemhudumia akuombee mema.