Tonge la Mwisho la Pamba

Kaka yangu hajaoa, na mimi nimechoka kumuuliza. Kwa hiyo mbwa wake, Pamba, namwita wifi. Mwanzoni kaka alikuwa akinikata jicho kila nikitamka neno hilo. Siku hizi amezoea, na nikichelewa asubuhi huniambia, "Wifi yako amekungoja mpaka amenuna." Mteja mgeni hugeuka huku na huku kumtafuta mwanamke.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba. Kaka anatengeneza viti na makochi, mimi nashona vitambaa vya kuvivika. Cherehani yangu iko dirishani kwenye mwanga. Yeye anafanya kazi sakafuni, kati ya springi na vipande vya sponji, misumari midogo ameibana kwa midomo, ndiyo maana mazungumzo yake ni mafupi. Kati yetu sisi wawili kuna gunia kuukuu la pamba, na hapo ndipo wifi anapolala. Kaka alimkuta humo akiwa mtoto mdogo, hata macho hayajafunguka vizuri. Aliingiaje, mpaka leo hatujui.

Ukitaka kumjua kaka, mletee kiti kinacholia. Mafundi wengine watakivika kitambaa kipya, wakupe kiti chako uende. Kaka kazi hiyo anaiita kumvisha mgonjwa suti. Yeye atakifumua kiti mpaka kibaki mbao tupu, atakigonga kila kona, atakigeuza miguu juu, na hatakirudisha mpaka aone kilichokuwa kinalia. Ukimuuliza kina tatizo gani, neno "sijui" halimo kinywani mwake. Husema, "Bado sijakiona."

Wifi naye alikuwa na tabia zake. Kubwa kuliko zote ni kwamba alikuwa hamalizi chakula. Asubuhi alikuwa akila taratibu, akifika mwisho anaacha tonge moja kwenye bakuli na kwenda zake. Lile tonge lilikaa mchana kutwa. Jioni nikifunika cherehani, ndipo alipokuwa akinyanyuka, akajinyoosha, akaenda kulimaliza. Nilikuwa namtania kaka kwamba huyu ana adabu za ukweni, hataki mawifi waseme ni mlafi.

Basi asubuhi moja hakula kabisa. Bakuli lilibaki kama lilivyowekwa. Kaka alipomgusa shingo alilia, na aliposimama miguu ya nyuma ilimkatalia, akakaa chini na kututazama kama anayeomba radhi. Kaka alimbeba kifuani, akatoka mlangoni bila viatu.

Daktari wa mifugo ni mama mmoja mpole, miwani ameining'iniza shingoni. Alimpima joto, akakuta homa. Akachukua damu, akapiga picha za mgongo, akarudia tena damu. Tulikwenda na kurudi, na kila mara majibu yalikuwa mazuri, jambo lililomuudhi kaka kuliko majibu mabaya. Mwisho daktari akatuweka chini.

"Fundi, nadhani mwili wake unajipiga wenyewe," alisema. "Nitampa vidonge vya kuutuliza. Kilichoukasirisha sijakijua, lakini naona wazi kwamba umekasirika."

"Daktari, utatibuje kitu usichokijua?"

"Mtoto mchanga akilia usiku, unambeba kwanza au unamhoji kwanza?"

Daktari akatueleza kwamba dawa ina maudhi yake. Pamba atakunywa maji kupita kiasi, atakojoa kupita kiasi, na njaa itamshika. Anaweza kuvimba tumbo na kunyonyoka manyoya. Akanyoosha kidole. "Na msije mkaacha ghafla, hata mkimwona amepona. Mwili utaanguka. Dawa hii tunaipunguza polepole, na mimi ndiye nitakayesema lini."

Vidonge vilifanya kazi. Siku ya tatu wifi alitembea mwenyewe mpaka uani, na mimi nilipiga vigelegele. Lakini kaka hakufurahi kama nilivyotarajia. Kwake yeye kiti kilikuwa kimevikwa kitambaa tu, kinacholia bado kiko ndani. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, na akaanza kuifumua karakana yetu. Gundi yote ikahamia nje. Rangi za mbao zikatupwa. Akasugua sakafu mpaka saruji ikabadilika rangi. Akamaliza ndani, akatoka kwenda kwa majirani, na hapo ndipo alipoharibu.

Jirani yetu wa ukuta ana saluni. Ni mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na benchi lake la wateja lilikuwa kwetu linasubiri sponji mpya. Kaka alimkabili mbele ya watu, akidai kwamba anamwaga dawa za nywele kwenye mfereji, na mbwa wake amekunywa.

"Mimi?" Mwenye saluni alishika kiuno. "Mfereji wenyewe unaelekea kule chini, mbwa wako yuko huku juu. Maji siku hizi yanapanda mlima?"

Watu wakacheka. Kaka akarudi na uso wake chini, na tangu hapo salamu zikakatika kati ya nyumba mbili.

Huku nyuma njaa ilikuwa imemvua wifi yangu adabu zote. Bakuli alikuwa akililamba mpaka linasogea mwenyewe hadi ukutani. Akaiba sabuni. Akala kamba za viatu vya mteja, mteja mwenyewe akiwa amevivaa. Alikuwa akihema mchana kutwa, tumbo limeshuka, mkia umebaki na manyoya machache ya kuhesabika. Kila mahali alikojoa, na kila alipokojoa alijificha nyuma ya kochi kwa aibu. Hiyo aibu ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Nilishona magodoro madogo ya turubai, nikayatandaza kila kona, nikamwambia, "Jisaidie mama, hapa ni kwako."

Kaka alisafisha bila kulalamika, lakini nilimsikia akimwambia mara kwa mara, "Huyu si Pamba wangu. Pamba wangu yuko wapi?"

Halafu siku moja tulitoka kidogo kupokea mbao barabarani. Tuliporudi tulimkuta wifi amekaa katikati ya theluji ya sponji, anatafuna. Alikuwa amekula ncha nzima ya benchi la saluni. Daktari alituambia kwa simu tumwangalie sana, na kweli sponji ilitoka ilikotoka, sitaeleza zaidi. Lakini ule mchana kaka aliketi juu ya kreti, vidonge mkononi.

"Nitaacha," alisema. "Leo ndiyo mwisho. Dawa inayomgeuza hivi si dawa."

"Kaka, daktari amesema—"

"Daktari hajui anachotibu! Alisema mwenyewe."

Nilijua akishaamua huwa harudi nyuma. Nikamtazama wifi, nikajua pia kwamba akiachishwa hivi hivi nitakuja kumzika. Wakati huohuo mwenye saluni akasimama mlangoni.

"Nimefuata benchi langu," alisema bila salamu. Akaliona. Akalizunguka polepole. "Mbwa wako amekula benchi langu?"

"Si lote," nikasema.

"Kwa hiyo sasa na mimi nitangaze mtaani kwamba mbwa wako ananimalizia saluni?" Alikuwa amefungua kinywa aendelee, na haki alikuwa nayo, lakini macho yake yakaanguka kwa wifi aliyejificha nyuma ya kochi. Akachuchumaa. Mkono wake ukapita kwenye mkia ule mtupu, kitaalamu, kama anavyopima kichwa cha mteja. Sauti ikashuka. "Anakunywa vidonge gani huyu?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Mama yangu alikunywa vya namna hii. Uso ulivimba ukawa kama mkate. Alikuwa anaamka usiku wa manane kula, tunashindwa kujua ni kifungua kinywa au ni chakula cha jana. Hata kwa mama, madaktari hawakuwahi kujua anaumwa nini."

"Akafa?" aliuliza kaka. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ule ugomvi.

"Afe aende wapi? Yuko nyumbani ananigombeza kila siku. Lakini nikuambie, fundi. Aliniambia baadaye kwamba ugonjwa aliuvumilia, vidonge alivivumilia. Kilichomuumiza ni sisi. Tulikuwa tunaingia chumbani na kusema, 'Jamani, huyu siye mama.' Naye yumo mle mle ndani, anatusikia."

Wifi alitoa kichwa nyuma ya kochi. Kaka alivitazama vidonge, akatoa kimoja, akakizungushia chakula kidogo, akakaa sakafuni na kumpa mkononi. "Haya, Pamba," alisema. "Haya, Pamba wangu."

Mwenye saluni alinyanyuka, akajipangusa magoti. "Benchi langu nalitaka likiwa zima. Na siku nyingine ukitaka mchawi, mtafute mbali kidogo na ukuta wangu." Akaondoka, na kicheko chake tukakisikia mpaka kwake.

Tangu siku hiyo kaka aliacha kupekua. Sponji zote akazitundika darini kwa kamba, tukawa tunafanya kazi huku mawingu yananing'inia vichwani. Daktari alianza kupunguza dawa, kidogo, akasubiri, kidogo tena. Kaka, ambaye hajawahi kufuata maagizo ya mtu, aliyafuata yale neno kwa neno. Manyoya yakaanza kurudi mkiani kama nywele za mtoto.

Kisha ikaja asubuhi moja nilipokwenda kuokota bakuli, nikalikuta na chakula ndani.

Tonge moja.

"Kaka," niliita. "Njoo."

Alikuja na nyundo mkononi, akaona, akasimama. Ugonjwa ulianza kwa chakula kubaki kwenye bakuli. Na wifi mzima, wifi wa zamani, alikuwa anaacha tonge. Sasa hili lilikuwa lipi? Dawa tulikuwa tumeishusha siku chache tu nyuma. Nilipiga simu. Daktari akauliza kama anatembea, kama analia akiguswa, kama ana joto. Anatembea. Halii. Joto hatujui, mikono yetu wenyewe ilikuwa baridi.

"Ngojeni mpaka jioni," alisema. "Msimlazimishe kula. Mkiona hali inabadilika, nipigieni saa hiyo hiyo."

Sijawahi kuona siku ndefu kama ile. Wifi alilala kwenye gunia lake, macho yamefungwa nusu. Kaka alipigilia msumari ukapinda, akaung'oa, akapigilia mwingine ukapinda. Mimi nilishona mshono uleule mara mbili. Kila dakika mmoja wetu alilitupia jicho bakuli, kisha akajifanya anatafuta mkasi. Lile tonge lilikauka taratibu, inzi akaja, kaka akamfukuza kwa kofia.

Jua liliposhuka sikutaka kufunga. Niliogopa. Lakini kazi ilikuwa imekwisha, na kaka alikuwa ananitazama, basi nikachukua kifuniko cha cherehani, nikakiweka. Kikagonga meza kama kawaida yake.

Wifi alifungua macho. Akanyoosha miguu ya mbele. Akanyoosha ya nyuma, mmoja, kisha wa pili, akasimama juu yake imara. Akapita katikati yetu bila haraka, makucha yanagonga sakafu, akafika kwenye bakuli, akalila tonge lake. Akalamba mara moja tu. Kisha akaja kuniwekea pua yake yenye maji gotini.

Kaka alitema misumari yote kiganjani. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

Nikamuuliza, "Sasa unafikiri ilikuwa nini, huu ugonjwa?"

Nilidhani atasema bado hajakiona.

"Sijui," alisema kaka yangu. "Mpe maji wifi yako."